Uovu Unatoka kwa Nani? Wazoroasta na Wayahudi Mbele ya Swali Moja

Katika Talmudi ya Babeli, mkusanyo mkubwa wa mafundisho na mijadala ya marabi, kwenye kitabu cha Sanhedrini, ukurasa wa 39, kuhani mmoja wa moto, wa Uzoroasta, dini ya kale ya Uajemi, anamwambia mwalimu wa Kiyahudi aitwaye Amemar: kuanzia kiunoni kwenda juu wewe ni wa Hormiz, na kuanzia kiunoni kwenda chini ni wa Ahriman. Amemar anamjibu kwa swali: ikiwa ndivyo, mbona Ahriman anamwachia Hormiz apitishe maji kwenye ardhi yake? (Hormiz ni Mungu mwema wa Wazoroasta, Ahriman ni adui wake.)

Kisa kinaishia hapo. Ni mistari miwili tu, lakini ugomvi wote umo. Kuhani anautazama mwili wa binadamu, juu kichwa kinachofikiri na kinywa kinachosali, chini matumbo na uchafu, na haoni vipi vitu hivyo viwili viwe vimetoka mkono mmoja. Amemar anautazama mwili uleule na kuona kitu kimoja: maji yaliyonywewa juu yanatokea chini, na hakuna mlinzi wa mpaka aliyeyazuia njiani.

Ulinganisho huu ni kwa ajili ya mtu anayeyapima majibu hayo mawili kwa dhati, dini yake iwe yoyote. Sisi wasemaji wa Kiswahili tunakutana nayo msibani bila kuyaita kwa majina. Mzee mmoja anasema kazi ya Mungu haina makosa. Jirani yake anasema hapana, hili ni la Shetani, Mungu hawezi kumtwaa mama wa watoto wadogo namna hii. Nyuma ya kila sauti upo mjadala wa zaidi ya miaka elfu mbili, na kila jibu lina gharama. Anayechagua ajue analipa nini.

Walikojuana

Mwaka 539 KK Koreshi, mfalme wa Uajemi, aliiteka Babeli, na Wayahudi waliokuwa uhamishoni huko wakapewa ruhusa ya kurudi Yerusalemu. Kitabu cha Isaya kinamwita masihi wa BWANA, heshima ambayo hakuna mfalme mwingine wa mataifa aliyeipata katika Biblia ya Kiebrania. Lakini katika maneno hayohayo anayoambiwa Koreshi, sura ya 45, aya ya 7, umo msumari: "Mimi naiumba nuru, na kulihuluku giza, mimi nafanya suluhu, na kuhuluku ubaya, mimi ni BWANA, niyatendaye hayo yote." Mfalme wa Uajemi anashukuriwa, na papo hapo anaambiwa kwamba nuru na giza vina mwenyewe mmoja.

Si wote waliorudi. Wayahudi wengi walibaki Babeli kwa karne nyingi, na chini ya ufalme wa Wasasani, kuanzia mwaka 224 hadi 651, waliishi katika dola ambayo dini ya watawala ilikuwa Uzoroasta. Talmudi ya Babeli ilitungwa humo. Kwa hiyo marabi wanapozungumza habari za nguvu mbili, wanawazungumzia majirani zao, wakusanya kodi wao, na makuhani waliokuwa wakibisha hodi milangoni mwao.

Na walibisha kweli. Kitabu cha Gitini kinasimulia kwamba Rabbah bar bar Hannah alikuwa mgonjwa, wenzake wamekuja kumjulia hali, mara akaingia kuhani wa moto akaichukua taa iliyokuwa mbele yao. Rashi, mfasiri mkubwa wa karne ya 11, anaeleza kuwa siku za sikukuu zao makuhani hao hawakuruhusu moto uwake nje ya hekalu lao. Mgonjwa yule akaachwa gizani, akalia: Mwenye rehema, tuweke chini ya kivuli chako, au basi chini ya kivuli cha mwana wa Esau, yaani Roma! Kitabu cha Yevamoti nacho kinasema makuhani hao waliwawekea Wayahudi vikwazo katika nyama na mabafu, na kwamba walifukua maiti makaburini.

Kufukua maiti kunaonekana ukatili mtupu mpaka uelewe imani iliyokuwa nyuma yake. Kwa Mzoroasta ardhi ni kiumbe safi cha Mungu, na maiti ni mahali ambapo adui amepata ushindi. Kumzika mtu ni kuitia ardhi sumu. Kwa Myahudi, kumrudisha mtu mavumbini ni wajibu wa mwisho wa upendo. Kila upande ulikuwa unatetea kitu kitakatifu, na mwenye dola ndiye aliyeshika jembe.

Wazoroasta wanasema nini hasa

Tusiwasikilize kupitia vinywa vya wapinzani wao peke yake. Maneno ya kale zaidi ya dini hii ni Gatha, nyimbo 17 zinazohusishwa na Zarathustra mwenyewe, zilizomo ndani ya Yasna, kitabu cha ibada chenye sura 72. Yasna 30 inasimulia roho mbili za mwanzo, pacha, moja bora na moja mbaya katika mawazo, maneno na matendo. Zilipokutana ziliweka uhai na kukosekana kwa uhai. Wenye busara walichagua sawasawa, wajinga hawakuchagua hivyo. Kabla ya maneno hayo, wimbo unawaita wasikilizaji watumie masikio yao na kila mtu ajiamulie mwenyewe. Upande mmoja ni wa asha, yaani kweli na utaratibu wa haki, na upande wa pili ni wa druj, uongo.

Maandiko ya baadaye, yaliyoandikwa kwa Kipahlavi, yaani Kiajemi cha kati, yanalijenga jambo hili likawa historia ya dunia nzima. Katika Bundahishn, kitabu chao cha habari za uumbaji, Ohrmazd (ndiye Hormiz wa Talmudi, Ahura Mazda wa Gatha) yuko juu katika nuru, na Ahriman yuko chini katika giza. Wakati wote ni miaka 12,000. Ohrmazd anaiumba dunia hii ya kushikika ikiwa njema kabisa, nayo inakuwa uwanja ambamo adui atanaswa na kumalizwa. Ahriman anaitoboa mbingu saa sita mchana, siku ya kwanza ya mwaka. Anayatia maji chumvi, anaikausha mimea, anamuua ng'ombe wa kwanza na mtu wa kwanza, Gayomard. (Mwaka huohuo wa Waajemi, nairuzi, ndio chimbuko la Mwaka Kogwa wa Makunduchi, ingawa wanaouoga Unguja hawana habari za Ahriman.)

Kusema kwamba Wazoroasta wana miungu miwili si haki. Ahriman hasujudiwi, haombwi, hatolewi sadaka. Hana elimu ya mbele. Anajua jambo baada ya kutokea. Na mwisho wake ni kushindwa, hakuna shaka juu ya hilo. Kinachomtofautisha na Shetani wa Wayahudi ni kwamba hakuumbwa na Ohrmazd. Alikuwepo tangu mwanzo, kivyake. Ohrmazd ni mwema kabisa na anajua yote, ila bado uweza wake una mpaka, na mpaka huo ndio vita tunayoiishi.

Tena iko tofauti ndani ya nyumba yenyewe. Martin Haug, Mjerumani aliyefundisha Pune huko India katika miaka ya 1860, aliwaambia Waparsi, yaani Wazoroasta wa India, kwamba Gatha zina Mungu mmoja, na roho zile pacha ni njia mbili zilizo chini yake. Waparsi wengi walilipokea fundisho hilo na bado wanalishika. Kwa hiyo Mparsi wa leo wa Mumbai, au wa zile familia zilizoishi Mji Mkongwe kama ile aliyozaliwa Freddie Mercury mwaka 1946, anaweza kukuambia kwamba yeye ni mwamini wa Mungu mmoja, naye hakudanganyi. Marabi walibishana na makuhani wa Wasasani, si na yeye.

Wayahudi wanakataa nini

Kitu kimoja: mamlaka mbili mbinguni. Hofu hiyo iliingia mpaka kwenye adabu ya sala. Mishna, mkusanyo wa sheria ambao Talmudi inaufafanua, inaagiza kwamba mtu anayeongoza sala akisema "tunashukuru, tunashukuru" mara mbili, anyamazishwe. Talmudi inatoa sababu: anaonekana kama anamshukuru mmoja, halafu mwingine. Na Elisha ben Abuya, msomi aliyepotea hata wenzake wakaacha kumtaja jina wakamwita "yule mwingine", kosa lake lilianzia hapo. Kitabu cha Hagiga kinasema alipanda mbinguni, akamwona malaika Metatron ameketi, akawaza: huenda, Mungu apishe mbali, mamlaka ni mbili.

Mahali ninapoona msimamo wa Kiyahudi kwa karibu zaidi ni katika sala ya asubuhi. Kabla ya kusoma Shema, yaani tamko la kwamba Mungu ni mmoja, Myahudi anambariki Mungu kwa maneno ya ile aya ya Isaya, lakini kuna neno limebadilishwa. Nabii alisema "kuhuluku ubaya". Sala inasema "na kuhuluku vyote". Kitabu cha Berakhoti kinauliza kwa nini, na kinajibu: ni lugha ya staha. Marabi waliona ni vigumu kumwamsha mtu kila siku na kumtaka amhimidi Mungu kwa kuumba ubaya. Hata hivyo hawakukata tamko lenyewe. "Vyote" haibakizi kitu nje. Na neno "giza" waliliacha palepale kama nabii alivyolisema, lisikike kila asubuhi wakati jua linachomoza.

Mishna ileile inakwenda mbali zaidi: mtu ana wajibu wa kubariki juu ya mabaya kama anavyobariki juu ya mema. Ndiyo maana Myahudi akisikia habari ya kifo husema, "Ahimidiwe Mhukumu wa kweli." Hakuna kauli inayopingana na Ahriman kuliko hiyo. Mzoroasta hawezi kuitamka, kwa sababu kwake kifo si hukumu ya Mungu. Ni shambulio la adui wa Mungu.

Na Shetani je? Katika Ayubu yeye ni mwendesha mashtaka barazani. Anakuja pamoja na wana wa Mungu, anapewa ruhusa, anawekewa mipaka. Bava Batra 16 inakwenda hadi kusema, kwa mdomo wa Resh Lakish, kwamba Shetani, mwelekeo mbaya wa moyo na malaika wa mauti ni mmoja. Palepale Rabi Levi anafundisha kuwa Shetani alitenda kwa ajili ya mbingu, na inasimuliwa kwamba mwalimu mmoja aliporudia fundisho hilo mjini Papunya, Shetani mwenyewe alikuja akambusu miguu. Kwa Mzoroasta kisa hicho ni kufuru. Ahriman hawezi kutenda chochote kwa ajili ya mbingu.

Nyoka, nzi na mbu

Imani hizi mbili hutengana kabisa zinapomtazama mdudu. Vendidadi, kitabu cha sheria za utakaso cha Wazoroasta, kinasema Angra Mainyu, ndiye Ahriman, alileta magonjwa 99,999. Nyoka, chura, mchwa na nzi ni viumbe vyake, na kuwaua ni ibada. Herodotus, Mgiriki wa karne ya 5 KK, aliona jambo hilo: mamajusi, anasema, huua kwa mikono yao kila kitu isipokuwa mbwa na mtu, na hushindana kuwaua sisimizi na nyoka. Sura ya 14 ya Vendidadi inampa aliyeua fisimaji adhabu ndefu, na mojawapo ni kuua nyoka elfu kumi. Mantiki yake ni safi: umeupunguza upande wa wema, basi punguza na upande wa uovu.

Sikiliza sasa kitabu cha Shabati, ukurasa wa 77. Rav Yehuda anasema kwa jina la mwalimu wake, aitwaye Rav, kwamba katika vyote alivyoumba Mtakatifu, hakuumba hata kimoja bure. Konokono aliumbwa awe dawa ya kigaga, nzi awe dawa ya kuumwa na nyigu, mbu awe dawa ya kuumwa na nyoka, buibui awe dawa ya nge. Kama dawa, sishauri mtu azijaribu. Kama theolojia ni ushujaa, kwa sababu mwalimu huyu anaishi Babeli, amezungukwa na watu wanaoamini kwamba nzi ni askari wa adui, na yeye anamchukua nzi huyohuyo na kumwandikia kazi katika nyumba ya Mungu.

Hapa jibu la Kizoroasta lina nguvu ambayo mwenyeji wa nchi ya malaria anaielewa haraka. Anayemzika mtoto kwa sababu ya mbu hataki kuambiwa mbu ana faida yake. Lakini gharama nayo ni kubwa: unaishi ukiwa umeigawa dunia mafungu mawili, na unajipa haki ya kuamua nani yuko fungu lipi. Leo ni chura. Kesho ni jirani anayesali tofauti, aitwaye mtu wa uongo, na taa yake inachukuliwa.

Ndani ya moyo

Dini zote mbili zinakubaliana kwamba mtu ana hiari. Kumbukumbu la Torati 30:19 lasema uzima na mauti vimewekwa mbele yako, basi chagua uzima. Yasna 30 haisemi kinyume. Lakini tofauti inajitokeza ukiuliza ule mvuto mbaya ulioko ndani yako ni kitu gani.

Mzoroasta anasema ni mvamizi. Tamaa na ghadhabu ni mapepo ya Ahriman yanayotaka kukaa ndani yako, na kazi yako ni kuyafukuza kwa mawazo mema, maneno mema, matendo mema. Ukiyafukuza yote, dunia inapona.

Marabi wanasema ni kiumbe cha Mungu, na zaidi ya hapo, kwamba kina kazi. Katika maelezo yao ya kale ya kitabu cha Mwanzo, ile kauli "na tazama, ni chema sana" inafasiriwa kuwa inahusu mwelekeo mbaya wa moyo, kwa sababu bila huo mtu asingejenga nyumba, asingeoa, asingezaa wala asingefanya biashara. Na wana kisa, katika kitabu cha Yoma, ambacho naona kinasema mengi kuliko kurasa za falsafa. Waisraeli waliorudi kutoka Babeli walifunga na kuomba mpaka mwelekeo huo, ule wa tamaa za mwili, wakakabidhiwa mikononi. Wakaufunga siku tatu. Kisha wakatafuta yai bichi la siku hiyo katika nchi yote ya Israeli kwa ajili ya mgonjwa, wasilipate. Kuku walikuwa wameacha kutaga. Wakashauriana: tukiuua, dunia itakwisha, tukiomba nusu yake, mbinguni hawatoi nusu. Mwishowe wakautoboa macho, wakauacha uende zake.

Swali hapa halina njia ya katikati. Je, unaweza kuiondoa tamaa ukabaki na uhai? Uzoroasta unasema ndiyo, na siku moja itakuwa hivyo kwa wote. Uyahudi unanyoosha mkono wenye kikapu kisicho na yai. Kwa namna ninavyowajua watu, na ninavyojijua, naamini kikapu kile.

Hoja waliyorudishiwa

Wayahudi hawakubishana peke yao. Katika karne ya 9, Uislamu ukiwa umeshatawala Iran, Mzoroasta aitwaye Mardan-Farrokh aliandika kitabu cha kuondoa shaka, na sura mbili, ya 13 na ya 14, anaishughulikia Torati. Kama Mungu anajua yote, mbona anamwita Adamu akiuliza yuko wapi? Na juu ya yote, swali linalopita katika kitabu kizima: ikiwa kila kitu kimetoka kwa mmoja aliye mwema, uovu umeingilia mlango upi? Ama si mwema kabisa, ama si vyote vimetoka kwake.

Hoja hii haijawahi kuzeeka, na Wayahudi waliijibu kwa namna zisizofanana. Saadia Gaon, kiongozi wa chuo cha Sura huko Babeli, alikufa mwaka 942 akiwa ameacha hoja ndefu dhidi ya wanaoamini asili mbili. Maimonides, karne ya 12, alisema uovu si kitu kilichoumbwa. Ni upungufu wa kitu, na Mungu huumba yaliyopo. Jibu hilo ni nadhifu mno kwangu. Sijui aliyeungua na moto atalipokea vipi. Watu wa Kabala, elimu ya siri ya Kiyahudi, hasa katika Zohari, kitabu chao kikuu cha mwishoni mwa karne ya 13, na kwa Isaac Luria aliyefariki Safed mwaka 1572, walirudi karibu sana na lugha ya Waajemi: wakazungumza juu ya "upande wa pili", juu ya vyombo vilivyovunjika na makaka yaliyozifunika cheche za nuru, na mtu aliyepewa kazi ya kuzikusanya. Tofauti ni kwamba vyombo vyenyewe vilitoka kwa Mungu.

Hawakuwa wa kwanza kukaribia hivyo. Miongoni mwa magombo yaliyoanza kupatikana Qumran, kando ya Bahari ya Chumvi, kuanzia mwaka 1947, imo kanuni ya jumuiya inayofundisha roho mbili, ya kweli na ya udanganyifu, Mkuu wa Nuru na Malaika wa Giza. Ukiisoma baada ya Yasna 30 utashtuka. Lakini inatangulia kusema kwamba vyote vilivyopo vimetoka kwa Mungu wa maarifa, na kwamba roho hizo mbili yeye ndiye aliyeziumba. Hivyo ndivyo Uyahudi ulivyopokea mambo ya Uajemi mara nyingi. Asmodeus wa kitabu cha Tobiti anatajwa na wataalamu wengi kuwa pepo Aeshma wa Waajemi. Katika Talmudi anakuwa Ashmedai, mfalme wa mapepo, lakini mfalme huyo anafungwa kwa mnyororo wenye jina la Mungu.

Uchague lipi

Kama kinachokuuma zaidi ni wema wa Mungu, yaani huwezi kuabudu mkono ulioshika mauti ya mtoto, Uzoroasta una jibu ambalo Uyahudi hauwezi kulitoa kwa kauli moja iliyonyooka: Mungu hakulitaka hili, analichukia kuliko wewe, na anakuhitaji umsaidie kulimaliza. Linampa mtu heshima kubwa na kazi ya kufanya asubuhi. Gharama yake ni Mungu ambaye leo bado hajashinda.

Kama kinachokuuma ni haki, yaani unataka awepo wa kumuuliza, basi kaa na Wayahudi. Ibrahimu alimuuliza Mungu kama Mhukumu wa ulimwengu wote asitende haki. Ayubu alidai kesi yake isikilizwe. Rabi Levi Yitzchak wa Berditchev, aliyefariki mwaka 1809, anakumbukwa kwa kumshtaki Mungu mbele ya sinagogi kwa mateso ya watu wake, kisha akaendelea na sala. Kesi hiyo haina maana mbele ya Ohrmazd, maana yeye ana udhuru. Gharama ya upande huu ni kulala na kuamka na Mungu asiye na udhuru.

Mimi niko upande wa Amemar. Naona afadhali hasira yangu iwe na mahali pa kwenda. Lakini nisingempeleka Amemar msibani akahojiane na wafiwa, na Talmudi yenyewe inalikataza hilo: Bava Metzia 58 inasema ni dhuluma ya maneno kumwambia mtu aliye katika mateso yale waliyomwambia rafiki zake Ayubu, kwamba lazima pana sababu. Jibu la Kiyahudi ni la mtu kumpelekea Mungu mwenyewe. Halikuandikwa la kumtwisha aliyefiwa.

Kuhusu mwisho wa yote, tofauti inapungua kuliko watu wanavyodhani. Wazoroasta wanangoja siku ambayo madini yaliyoyeyuka yatatiririka juu ya nchi, na wote watapita humo: mwenye haki atahisi kama anatembea katika maziwa ya uvuguvugu, mwovu ataungua mpaka atakate, na hatimaye jehanamu itakwisha. Kitabu cha Suka kinasema Mungu atauchinja mwelekeo mbaya mbele ya wote. Wenye haki watauona kama mlima mrefu, waovu kama unywele. Kila dini inaamini kwamba kitu kilekile kitahisiwa tofauti na kila mtu kulingana na alivyoishi. Aliyekuwa akichagua kwa sababu ya hofu ya moto wa milele hatapata msaada mkubwa hapa: hata Mishna inamnukuu Rabi Akiva kwamba hukumu ya waovu huko Gehinomu ni miezi 12.

Jambo la mwisho ni la kiutendaji. Kukubali wazo na kujiunga na jamii ni vitu viwili. Waparsi wa jadi hawapokei waongofu, na kesi ya Petit na Jeejeebhoy iliyoamuliwa Bombay mwaka 1908 iliimarisha desturi hiyo, ingawa wako Wazoroasta wengine, hasa Marekani Kaskazini, wanaopokea. Uyahudi haumtafuti mtu, ila mlango upo na ni wa polepole: Abayudaya wa karibu na Mbale, Uganda, walioanza na Semei Kakungulu mwaka 1919, walisubiri hadi mwaka 2002 ndipo mamia yao wakapokewa rasmi na marabi wa mkondo wa Conservative. Kwa anayetaka kuanza na maandiko, Yasna 30 ina beti 11 na Isaya 45 ina aya 25. Zisome siku moja, Yasna kwanza, kisha kitabu cha Ayubu kuanzia sura ya 3, pale anapofumbua kinywa.